Wahispania, Maharamia na Mbuzi wa Mzee

Kuna habari moja niliyokuwa nikiifundisha kwa kicheko, ingawa silabasi haikuidai. Wareno walipofika Uchina mara ya kwanza, wenyeji hawakuweza kumtofautisha mfanyabiashara na haramia. Merikebu ile ile ilileta pilipili na mizinga, na wageni wale walinunua kwa watu wa magendo bila kuuliza mali imetoka wapi. Wakafukuzwa. Baadaye, husemwa, walisaidia kuwapiga maharamia, wakavumiliwa pale Makau, pwani ya Uchina. Wahispania nao, kule Ufilipino, walimzingira haramia aliyetafutwa sana na Wachina, wakamwahidi mjumbe wa Uchina kwamba watamkabidhi. Walishaanza kuota bandari ya biashara ambayo Uchina ingewapa kama zawadi. Haramia akachimba mfereji, akatorokea baharini, na bandari wakaikosa.

"Mtu hakati kanzu mwana hajazaliwa," niliwaambia kidato cha tatu, nao wakacheka pamoja nami.

Siku hizo, kila Jumamosi nilinunua mbuzi na kuwauza Kitengela. Naishi nje ya Isinya, kwenye kona ya shamba la mzee mmoja Mmaasai aliyenikaribisha, mimi mtu wa Murang'a, kwa neno la mdomo tu. Siku moja nilinunua mbuzi wawili wa bei rahisi kutoka kwa mwanamume mwenye pikapu. Niliiona alama ya mwenye mali kwenye masikio yao, nikajifanya sijaiona. Naandika hili kwa aibu.

Kesho yake mzee aliwaona mbuzi wake zizini mwangu. Hakunisalimia.

"Mzee, nipe siku tatu," nikasema. "Nitakuletea huyo mwizi mwenyewe."

Kwa kuulizia pikapu yake, nilimpata siku ya pili, saa nane mchana, kwenye ploti ya Kitengela alikopanga chumba. Mlango ulikuwa umefungwa, redio ikilia ndani. Hapo kichwa kikanivimba. Badala ya kuwaita majirani waizunguke nyumba, nilimpigia mzee simu nikamwambia, "Nimemshika." Nikasimama mlangoni saa nzima, mpaka alipofika na wazee wenzake wawili. Tukausukuma mlango. Redio bado ilikuwa inaimba. Dirisha la nyuma, lisilo na vyuma, lilikuwa wazi.

Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeficha kitu. Mzee aliingia, akakigusa kitanda kuona kama bado kina joto, akatoka.

"Mwalimu, nani aliambia yeye tunakuja?"

"Sikumwambia mtu, Mzee. Haki ya Mungu."

"Ulinunua kwake. Ukasema umeshika yeye. Sasa hakuna mtu."

Nililia pale mbele ya wapangaji, mtu mzima mwenye watoto. Nikamwambia nitahama mwisho wa mwezi. Kwa kweli nilitaka anifukuze, maana kufukuzwa angalau kuna mwisho wake.

"Usihame," akasema. "Wewe kaa tu. Lakini mbuzi ikipotea tena, tunaanza kwako."

Huu ni mwaka wa nne. Mbuzi wangu niliwauza wote. Kila jioni mbuzi wa mzee wanaporudi kutoka malishoni, nasimama kwenye ua na kuwahesabu mmoja mmoja, na akikosekana hata mmoja, chakula hakipiti kooni mpaka nimwone.