Bakuli Lililorudi Tupu

Mimi ni mwalimu wa uchumi, na kwa miaka mingi nimeanza kipindi cha kwanza kwa sentensi ileile: mahitaji ya binadamu hayana mwisho, rasilimali zina mwisho. Mwaka mmoja nikachoka nayo. Nikaanza kuandika hadithi ya nchi ya miaka mingi ijayo, ambako kila nyumba ina mashine kubwa kama kabati. Unaiambia unachotaka, inatoa. Hakuna bei, hakuna mshahara, hakuna duka. Nilijiona mtu wa maana sana.

Wakati huo mama yangu alikuwa amehamia kwangu Bisibo kutoka Rulenge, kwa kuwa mguu ulimzuia kulima. Nilimkataza kazi zote. "Mama, pumzika," nilimwambia, nikidhani namheshimu. Rafiki alikuwa naye mmoja tu: jirani yetu, mke wa mfugaji mwenye ng'ombe wengi. Mama Mhangaza, jirani Msukuma, Kiswahili cha wote wawili cha kuokoteza, lakini wakikaa uani walicheka mpaka kuku wanakimbia.

Urafiki wao ulipita kwenye bakuli. Jirani alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa desturi ya kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama hakuwa na shamba hapa, kwa hiyo alijaza kilichokuwa karibu: sukari yangu, mchele wangu, siku moja sabuni yangu ya kunyolea ndevu. Bakuli lilirudi na maziwa, likaenda na majani ya chai. Niliandika habari za nchi ambako hakuna kinachokwisha, huku nyumbani kwangu kila kitu kikiisha.

Jumamosi moja nikamsomea mama hadithi. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza matangazo kanisani.

"Mtu akifiwa huko," akauliza, "wenzake wanampelekea nini?"

"Hawapeleki kitu, mama. Mfiwa naye ana mashine."

"Wanakwenda mikono mitupu?"

"Wanakwenda kumpa pole tu."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia huko watu hutembea uchi. "Na bakuri la jirani linarudi na nini?"

"Hakuna bakuli."

"Basi hao ni wagonjwa," akasema, akaendelea kuchambua mboga nilizomkataza kuchambua.

Nilikasirika. Msomi akikasirika hufanya majaribio. Kesho yake, mama akiwa kanisani, nikachukua bakuli la jirani, nikalisugua likang'aa, nikampelekea tupu. Nikamweleza kwa ufasaha kwamba yeye ana kila kitu, hahitaji sukari yetu, na kwamba kuanzia leo tupendane bila kubadilishana vitu. Alilipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani yake, akasema, "Sawa, mwalimu. Nimeelewa."

Mimi ndiye sikuelewa. Siku tatu jirani hakuonekana. Mama alishinda akichungulia njia, mpaka nikaona aibu, nikamwambia nilichofanya. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliingia chumbani, akakataa chakula, akaanza kukunja kanga zake.

"Nirudishe Rulenge," akasema. "Kule nina watu."

Kule nyumba ilikuwa imefungwa, na mguu ule usingemfikisha hata kwa jirani wa kwanza. Nilikuwa nimemfukuza mama yangu kwa nadharia.

Siku iliyofuata nikanunua sukari, nikaenda kuomba radhi.

"Sukali ninayo," jirani akasema.

"Mchele je?"

"Ninao."

Nikataja kila kilichokuwa dukani. Vyote alikuwa navyo. Nilikuwa nimefika kwa miguu yangu mwenyewe katika ile nchi niliyoiandika, na sikujua mtu anafanya nini akifika huko. Nikasema ukweli tu: "Jirani, mama hajala tangu jana. Anadhani umemkataa."

"Mimi?" Akainuka. "Si wewe uliyekuja kuniambia nyie mmenichoka?"

Akavaa kandambili, akanitangulia bila kubeba kitu. Ni vizuri ijulikane kwamba mwanamke huyu ana kisima na tenki uani kwake, na ndoo zetu zote hujazwa huko. Akasimama mlangoni pa chumba cha mama.

"Shikamoo, mama. Kiu imenishika njiani. Naomba maji ya kunywa."

Njia yenyewe haizidi hatua thelathini. Mama aliitikia marahaba akiwa ameshasimama, fimbo ameisahau ukutani, akiniuliza kwa ukali vikombe vizuri nimevificha wapi. Akasuuza kimoja mara mbili, akakijaza mpaka juu, akampa kwa mikono miwili. Jirani akanywa yote bila kupumzika, akarudisha kikombe.

"Niongeze, mama," akasema.