Msiba wa Jezi ya Bluu

Mtoto wa dada yangu alizaliwa Ujerumani, akakulia huko, na kila likizo aliletwa kwetu Tabora kuvunja vyungu vya mama yangu kwa mpira. Mguu wake wa kushoto ulikuwa balaa. Timu yetu ya taifa ikamwita, Wajerumani nao wakamwita, na sisi tukaanza kushona sare za bluu kabla hajajibu. Akajibu: Ujerumani.

Mimi nilinuna siku mbili, maana kununa ni kazi na mimi ni mvivu. Mama alinuna wiki tatu. Mjukuu akimpigia, anailaza simu kifudifudi.

"Babu yangu Wajerumani walimbebesha mizigo ya vita, akaondoka hapa hapa Tabora, hakuonekana tena," alisema. "Sasa wamemrudia huyu."

Hapo hata mimi niliogopa kwamba mtoto atachoka kupiga simu, na mama atazikwa na kinyongo chake.

Jumapili moja, tumemaliza tu kula mchana, akaingia jirani yetu fundi cherehani. Ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pwani. Afanyalo mtani halikasirikiwi. Hakupiga hodi. Alipita hadi sebuleni, akaitungua msumarini jezi ya timu yetu aliyoiacha mjukuu likizo iliyopita, akailaza mkekani uani, akaifunika kitambaa cheupe, kisha akaangua kilio.

"Wanyamwezi mmefiwa, mmekaa tu mnachokonoa meno! Kijana mzuri! Kaondoka na mguu wake wa kushoto!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna msiba kweli. Walipofunua na kukuta maiti ina namba mgongoni, wakalia kwa kelele kumzidi mtani mwenyewe. Yeye akatangaza kwamba maiti haitoki bila kuku, ada ya mtani msibani. Mama alikaa mlangoni, uso kaukaza, ila mabega yalikuwa yanamtikisika.

Simu yake ikalia. Nikaiwahi, nikapokea kwa video.

"Mama mdogo, mbona mnalia? Nani amekufa?"

"Wewe," mtani akamjibu.

Nikaona midomo ya kijana inatetemeka, na kicheko changu kikakauka. Mama akaninyang'anya simu.

"Marehemu," alisema, "huko wanakulisha?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza, unakula?"

"Nakula. Bado umenikasirikia?"

"Sana. Na ile penalti ya juzi, mbona uliipiga juu?"

Tukatazamana. Siku ya mechi ile mama alituaga mapema akaenda kulala, eti kichwa kinamuuma.

"Niliteleza, bibi."

"Haya. Babu yangu walipomchukua hakurudi. Wewe unarudi lini?"

"Desemba. Nimeshakata tiketi, ndiyo nilikuwa napiga kukwambia."

Mama aliinuka, akaifunua jezi, akaikung'uta vumbi, akairudisha msumarini. Mtani alipiga kelele kwamba tangu azaliwe hajaona msiba wa aibu namna hii, maiti inanyanyuka waombolezaji hawajala.

"Mchinjieni kuku wake," mama akasema, akaigeuza simu ili mjukuu naye atuone tukimkimbiza jogoo uani.