Vichupa saba vya yogati vilivyomkosesha mama wageni

Wakuu, habari za saa hizi. Haya sikuhadithiwa, niliyaona kwa macho yangu nyumbani kwetu Kuze, Mombasa, miaka ya tisini. Mkiona narukaruka mnivumilie, mimi ni mtu wa kiguu na njia hata nikiandika.

Baba alifariki, mama akaingia eda. Kwa msiojua, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura.

Mwanzoni nyumba ilijaa. Wanawake wa mtaa walipishana mlangoni mpaka mama hakupata nafasi ya kulia peke yake.

Kaka yangu wa Dubai akamtumia mashine ya umeme ya kutengeneza yogati, apate cha kumshughulisha. Kitu cheupe cha duara, ndani kina matundu saba, kila tundu na kichupa chake cha kioo chenye kifuniko.

Kazi yenyewe rahisi. Unachemsha maziwa, unayaacha mpaka kidole kivumilie, unakoroga na yogati kidogo ya dukani, unamimina, unachomeka kwenye umeme. Kisha unaiacha.

Hapo kwenye kuiacha ndipo niliposhindwa.

Kila nikipita nafunua nichungulie. Mara ya kwanza tukapata maziwa ya uvuguvugu yaliyokatikakatika. Mama akaniambia, "Mwanangu, hiki chataka kutulia. Nawe tulia."

Sikuweza. Safari ya pili nilijifukuza mwenyewe, nikaenda Marikiti kununua vitu ambavyo hata hatukuvihitaji. Niliporudi yogati imeshika, nzito, tamu. Mama alitabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu msiba.

Akasema tusile peke yetu. Nikavigawa vyote saba, nyumba saba za jirani.

Baada ya hapo, kimya.

Hakuna aliyegonga. Mama alikaa ghorofani karibu na dirisha, anasikiliza kandambili za watu kichochoroni. Zinakuja, zinafika mlangoni kwetu, zinapita. Yeye anainuka, anaifuta mashine isiyo na vumbi, anakaa tena. Vichupa havikuwa vimerudi hata kimoja, nikajaribu kutia maziwa kwenye bilauri zetu, hazikuenea matunduni na kifuniko hakikufunga.

Mimi nikawa napanda ngazi na kushuka bila sababu. Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu.

Siku moja mama akasema, "Eda ikisha n'takwenda zangu Dubai kwa nduguyo. Hapa nakaa na nani?"

Wakuu, mama alizaliwa Kuze. Kwenda Feri tu, mji huo huo, kwake ilikuwa safari. Niliogopa sana, na nasema kweli, niliwachukia wale majirani.

Alasiri ile nikavuka kwa Bi Fatma, jirani wa mlango wa mbele, shoga wa mama tangu utoto. Nilikwenda kumpa maneno yake.

Naingia jikoni, macho yanaangukia rafuni. Kichupa chetu. Kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

Bi Fatma akaona ninapotazama, akajifunika uso kwa leso.

"Mwanangu, n'tatia n'ni humo? Wali hauingii, mkate hauingii. Na kumrudishia mtu wa eda chombo kitupu naona haya. Nimengoja nipate kitu, siku zimekwenda, sasa naona haya hata kuja. Si mimi pekee, sote twaulizana."

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mwenye chombo hakidai, ni aibu. Sasa vile vichupa vidogo vya kigeni vilikuwa vimewafungia watu majumbani.

"Mama yuwahama," nikasema. Ilinitoka tu.

Bi Fatma aliinuka. Alivaa buibui, akakitwaa kichupa, huyoo, anagonga mlango baada ya mlango nami nyuma yake.

Kabla ya Magharibi ngazi yetu ilikuwa imejaa viatu. Wanawake wamesimama ghorofani, kila mmoja na kichupa mkononi.

Bi Fatma akaanza. "Dada, nisamehe. Nimekuja nacho kitupu."

Mama akamtazama, akakitazama kichupa.

"Kitupu vipi? Kwani wewe si kitu? Keti."

Bi Fatma akalia. Mama akamcheka, kisha naye akalia.

Nikatumwa maziwa. Mashine ikawashwa wageni wakiwa papo hapo, na safari ile sikuifunua hata mara moja. Nilikuwa nimekaa kitako nasikiliza umbea. Dubai haikutajwa tena.

Nilichojifunza ni kwamba wakati sisi tunangoja kupata cha kupeleka, mwenzetu yuko dirishani anahesabu viatu vinavyompita.

Mama ameshatangulia mbele ya haki, nami niko nyumba ile ile. Jikoni kwangu, rafu ya juu, kuna bakuli la jirani tangu Ramadhani. Nimekuwa nangoja nipate cha kutia.

Nyinyi mna vyombo vya nani? Andikeni hapa, nitasoma nikirudi. Mimi nimeshavaa viatu.