Shangazi Somoe kaombwa akague programu

Jamani, shangazi yangu, fundi cherehani, leo ameombwa na wataalamu wa Ulaya awakagulie programu. Kosa ni langu.

Wiki nzima nimekaa barazani kwake hapa Nachingwea na kompyuta yangu. Najitolea kwenye mradi wao mmoja mkubwa wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha bure, na kazi niliyochukua ni kuiwezesha kompyuta iunde programu zitakazotumika kwenye simu.

Kila nikijaribu, inagoma katikati.

Leo asubuhi shangazi akasimamisha cherehani. "Mwanangu, hiyo mashine inakufanya nini?"

Nikamweleza: kompyuta inamaliza kipande cha programu ya simu, halafu inajaribu kukiendesha yenyewe. Kipande ni cha simu, si chake, kwa hiyo inashindwa, inasimama.

Akanitazama kwa huruma.

"Mimi hapa nashona suruali ya mtu wa Ruangwa. Sasa naivaa mimi kuijaribu? Si nina vipimo vyake!"

Nikageukia kompyuta.

Nikaliondoa lile jaribio, vipimo vya simu nikaviandika kwenye faili. Ikaenda mpaka mwisho! Nikaruka, chai yote chini.

Kwa furaha nikatuma kazi, na mwishoni nikaandika: "Imekaguliwa na Somoe."

Mchana ikaja barua pepe ya wale wataalamu. Wamefurahi sana, wanamwomba Bi Somoe akague sehemu nyingine tatu kabla hawajatoa toleo jipya.

Nikamsomea shangazi.

Wala hakushtuka. "Waambie wasubiri, napepeta ufuta."

Nikawajibu hivyo hivyo.

Wameahirisha toleo.

Nishaurini, jamani!