Jumamosi ya Ndizi

Kutoka Songea nilipita Njombe, Iringa na Dodoma, nikilala njiani kwenye gesti zenye godoro jembamba kama blanketi lake. Nilikuwa nimeshazunguka viwanda vya miji mingi, na kila mji ulianza kunipendeza nikishautoka. Nilishuka Arusha katikati ya baridi, Mlima Meru umejifunika mawingu, meno yananigongana. Nikapanga chumba Kaloleni, nikapata kazi ya usimamizi katika kiwanda kidogo cha masweta ya shule, upande wa Lemara.

Wafumaji karibu wote walikuwa wanawake wa Kimeru walioshuka kila asubuhi kutoka vijiji vya mlimani. Mchokozi wao mkuu alikuwa mama mmoja wa rika la mama yangu, aliyeunganisha mikono ya masweta. Nikimwamkia shikamoo, ataitikia marahaba, kisha ataniuliza mbele ya wote, “Mngoni, leo umevaa masweta mangapi?”

Mzee mwenye kiwanda alikuwa na utaratibu ambao sikuwahi kuuona kwingine. Jumamosi kiwanda kilifungwa, maana ni siku ya soko Tengeru na wafumaji hupeleka ndizi. Saa za siku hiyo walizifidia kwa kuingia mapema siku nyingine, bila kusukumwa. Mshahara ulikuwa wa kawaida tu, lakini hakuna aliyeacha kazi. Kule nilikotoka, nusu ya muda wangu iliishia kufundisha wageni ambao nao wangeondoka.

Mzee alipougua, mkwewe akashika uongozi. Alitaka kupunguza gharama za wafanyakazi kabla shule hazijafunguliwa: Jumamosi watu waje kwa mshahara uleule, asiyekuja nafasi yake apewe kibarua. Nikamweleza habari za soko. Alinisikiliza huku macho yakiwa kwenye simu.

Nilipowatangazia wafumaji, mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Yule mama akaweka sweta chini.

“Kamwambie bosi wako, kiwanda chake kinatununulia sukari. Chakula kinatoka mgombani. Akitaka Jumamosi yetu, basi na watoto awalishe yeye.”

Mwingine akasema basi bosi aje Tengeru abebe mikungu kichwani, apungue kitambi. Wakacheka, lakini nilijua hawatanii.

Nikarudi ofisini. Nikamwambia bosi kwamba mshahara anaolipa unatosha kwa sababu migomba inalipa sehemu iliyobaki, na akiivunja Jumamosi atailipa yeye.

“Wewe umeajiriwa kusimamia au kutetea?”

“Kusimamia, bosi. Ndiyo maana nakuambia.”

Jumamosi hiyo nilifungua kiwanda kama nilivyoagizwa. Walikuja wachache wanaokaa mjini, wakakaa kati ya mashine zilizolala.

Jumatatu nilikuta vibarua wamejaa nje ya lango. Bosi akaniamuru niwazuie wote ambao hawakuja Jumamosi na niwaingize hao. Sikuwachukia vibarua, nimesimama sana kwenye malango kama hayo. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa mashine ya kufuma. Wanawake wakafika, wakasimama na kanga zao mabegani, wakiutazama ufunguo mkononi mwangu. Ada za watoto zilikuwa zinakaribia.

Nilifungua lango lote, pande zote mbili.

“Ingieni, kina mama.”

Bosi akasema hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kulifungua. Nikamkabidhi ufunguo. Hakuwafuata ndani kuwatoa. Oda za shule zilikuwa zinamsubiri, na yeye mwenyewe hakujua kuwasha hata mashine moja. Nilitoka nikiwasikia wanaanza kufuma. Sikuomba radhi, na mpaka leo siombi.

Ningeweza kuondoka mjini siku hiyohiyo, ila nilitaka kuiona Jumamosi. Ilipofika nikabeba begi, nikapita Lemara. Lango limefungwa kwa kufuli, hakuna mtu. Nikaenda Tengeru.

Yule mama alikuwa amekaa nyuma ya mikungu yake. Akaniambia bosi hakuuliza tena habari za Jumamosi; Ijumaa alipita tu kuwakumbusha waingie mapema Jumatatu. Nikachagua chane moja, nikamwomba anipunguzie bei, mimi mtu nisiye na kazi.

“Bei ni hiyohiyo,” akasema. “Hapa ndipo tunapopatia mshahara.”

Nikamlipa bila kubisha. Nikavuka barabara na ndizi zangu, nikapanda basi la kwenda Tanga, na Arusha sijarudi tena.