Wimbo wa Mama Kabugho na Diski Isiyo na Daftari

Nakumbuka mchana mmoja kule Bwera, mwanangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mpaka kwenye mabati, nami nimekaa mbele ya kompyuta nikimsikiliza mwanamke aliyekwisha kufa akiimba. Alikuwa akiambua maharage huku anaimba. Ulisikia kabisa punje zikidondoka kwenye beseni, halafu sauti, halafu punje tena. Mpaka leo nikipita penye mtu anaambua maharage husimama kidogo, na watu hudhani mimi, Bibi Biira, nimepotea njia.

Mwanamke yule alikuwa Mama Kabugho, marehemu mke wa Mzee Bwambale. Mzee alifanya kazi miaka mingi Ibanda, penye njia ya kupandia mlima Rwenzori, akitunza kitabu cha watu wanaopanda. Alipostaafu akahamia Bwera, na kitu cha maana alichohama nacho kilikuwa kaseti nane zenye sauti ya mkewe: hadithi, maonyo, na wimbo mmoja wa kubembelezea watoto. Wajukuu wake wadogo hawakumkuta bibi yao hai. Kanda zenyewe zilikuwa zimeliwa na unyevu, na fundi wa redio alimwambia zitacheza mara moja tu, Mungu akipenda. Basi akaniita mimi kutoka Kasese, niiweke sauti ile kwenye kompyuta kabla haijapotea.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na sifa zilinijaa mpaka masikioni. Fundi aliyenifundisha alinionya kabla sijapanda gari. Ule mzizi, alisema, yaani ile sehemu ya diski inayobeba mfumo wote wa Linux unaoiendesha kompyuta, uwekee mfumo wa kupanga faili wenye daftari. Siku zile mfumo huo uliitwa ext3. Linux ikitaka kubadili mpangilio wa faili, inaandika kwanza kwenye daftari: nakwenda kufanya hivi. Ikimaliza, inaweka alama kwamba imekwisha. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka tena inafungua daftari tu, inajua ilipoachia.

Mimi nikaona ni mzigo. Kompyuta ya Mzee ilikuwa kuukuu na diski yake ndogo, nikasema ya nini kuandika jambo mara mbili? Nikachagua ext2, isiyo na daftari, nikaweka mfumo na sauti vyote kwenye mzizi uleule mmoja. Ikaenda mbio, nikajipongeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimelisikia tangu shule, lakini nilidhani guu linalosemwa ni la mtu mwingine.

Siku tatu tukacheza kanda moja baada ya nyingine. Mzee alikaa nyuma yangu amefumba macho, na chumba kikawa kama kina watu watatu. Kanda ikishapita ilijikunja au ikakatika, tukaitupa kwenye boksi bila kujali, kwani sauti ilikwisha kuingia. Siku ya nne, kanda ya mwisho ikiwa katikati, mvua ikaja kutoka mlimani na umeme ukaondoka, kanda ikakatika mle mle ndani ya mashine.

Uliporudi, kompyuta haikufunguka. Ilianza kukagua diski nzima, kona kwa kona, maana haikuwa na pa kuanzia. Ikawa inaniuliza: nirekebishe hiki, nifute kile? Nami kwa hofu na haraka nikaiambia ikubali yote. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Ilipomaliza, folda ya Mama Kabugho haikuwepo. Ndani ya lost+found, pale Linux inapoweka ilivyookota, nilikuta faili sita zenye namba tu, hazina majina. Mbili hazikuonekana tena. Tano kati ya zile sita zilikuwa nzima. Ya sita ilikuwa ule wimbo, nao ulikatika nusu ya neno.

Mzee hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliomba nimchezee wimbo, ukakatika. Akaomba tena, ukakatika palepale. Ndipo akataka nimweleze ukweli, nikamweleza habari ya daftari na jinsi nilivyoliacha kwa kutaka mbio.

"Mutoto yangu," akasema, "kule Ibanda mutu hapandi bila kuandika. Anaandika atapita wapi, mbele ya kupanda, si akisharudi. Siku moja ukungu ilifunga wapagazi wawili. Tulifungua kitabu, tukaenda njia ileile moja, tukawapata wazima. Bila kitabu tungetafuta mulima yote." Akaitazama kompyuta. "Wewe ulipandisha muke yangu mulima bila kumuandika."

Nililia, sioni haya kusema. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kesho yake nikaanza upya. Amri moja, tune2fs -j, iliongeza daftari bila kufuta kitu. Nikabadili ext2 kuwa ext3 kwenye faili ya fstab, ile inayoiambia Linux kila sehemu ya diski ni ya aina gani. Na kwa kuwa ni mzizi, nikahakikisha kwamba initrd, ule mfumo mdogo unaoamka wa kwanza, unaijua ext3, la sivyo daftari lingekuwepo bila msomaji. Nilipokuwa nanakili faili kwa majaribio, Mzee akainuka taratibu, akachomoa waya ukutani. Akaurudisha. Kompyuta ikasoma daftari lake sekunde chache, ikafunguka, na zile sauti sita zote zilikuwapo.

"Sasa iko na kitabu," akasema, akaketi.

Halafu tukasikiliza faili moja moja, yeye akizipa majina upya. Nilitaka kuulainisha mwisho wa wimbo usikatike vibaya, akakataa.

Mwaka jana nilipita Bwera. Mjukuu wake, sasa mama mwenyewe, alikuwa akimlaza mtoto kwa wimbo uleule. Akafika kwenye nusu ya neno, akanyamaza kidogo, akaanza tena mwanzo, na mtoto akasinzia. Yeye anajua wimbo ndivyo ulivyo. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kimya kile ni changu.

Basi mwanangu, wewe unayebonyeza endelea, endelea bila kusoma, nisikie. Siku hizi ext4 huja na daftari lake. Usiliondoe kwa kutamani mbio. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena daftari halizuii mvua: kilichokuwa mkononi umeme ulipokatika chaweza kuanguka, kwa hiyo nakala ya pili iwe kwenye nyumba nyingine. Na mtu akikukabidhi kisichoweza kurudiwa, usikipeleke popote kabla hujaandika unakipeleka wapi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye ukungu, na kila utakapoandika umeondoka, akujalie mkono wa kuandika umerudi.