Hori Tupu la Farasi Chembe

Siku ya kwanza niliingia mabanda ya farasi na panga la kukatia mkonge mkononi, maana hakuna aliyeniambia niliache. Nyapara Mutiso, Mkamba wa Kibwezi aliyekuwa mkuu wa masaisi wote, alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Hilo panga umekuja kumchinja nani? Liweke chini. Hapa kazi ni ya mikono na macho."

Saisi ni mtu wa kumtunza farasi. Anamlisha, anampiga brashi, anamtembeza, anamjua kuliko anavyomjua ndugu yake. Ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na asubuhi moja askari walikuja na lori wakawachukua masaisi wawili Wakikuyu. Hatukuwaona tena, wala hatukuuliza, kwa sababu kuuliza kulikuwa na hatari yake. Farasi hawajui mambo ya serikali, wanataka maji. Mutiso alikuwa amewahi kuniona kule shambani nikimtoa punda mwiba mguuni bila kupigwa teke, basi akanitaja kwa Bwana Mkubwa, mwenye shamba, nami nikaitwa.

Masaisi wenzangu walicheka. "Wakesho," mmoja akaniambia, "farasi akikuvunja meno utaolewa na nani?"

"Nimeshaolewa na nimeshazika," nikamjibu. "Wewe chunga yako."

Nyinyi mnaosoma haya mjue mkonge ni nini. Ncha ya jani lake ni sindano. Mama yangu alikata mkonge kwenye shamba hilohilo chini ya milima ya Mbololo, karibu na Voi, na sindano moja ikamtoa jicho la kushoto. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja na macho mawili. Nilipopewa brashi badala ya panga niliapa moyoni kwamba sitarudi kwenye ile mistari ya mkonge, hata iweje.

Mutiso alinifundisha kazi. Alinifundisha kuchokoa kwato kuanzia kisigino kwenda mbele, ili chuma kisichome pale palipo laini. Alinifundisha kuinua mdomo wa farasi na kubonyeza ufizi kwa kidole gumba: ukiachilia, rangi ya waridi irudi haraka. Kila jioni tulikagua masikio, chini ya mkia na katikati ya mapaja, tukatoa kupe mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Farasi wa mbio huzaliwa kule kwenye baridi. Damu yake haijazoea kupe wa huku chini.

Bwana Mkubwa alikuwa na farasi sita, na bingwa alikuwa mmoja. Jina lake la Kizungu lilitushinda. Sisi tulimwita Chembe, kwa alama nyeupe kwenye paji lake isiyozidi punje ya mahindi. Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, mwembamba, na mgeni asiyejua farasi angempita bila kumtazama mara ya pili. Lakini alikuwa ameshinda Nairobi mara tatu mfululizo.

Watu walibishana ni nini kilichomfanya awe mkubwa vile. Bwana Mkubwa alisema ni damu. Babu yake aliletwa kwa meli kutoka Uingereza. Mzungu mmoja mdogo aliyempanda kwenye mbio alisema ni mapafu. Mutiso alikuwa na kipimo chake. Chembe akimaliza kukimbia, Mutiso alianza kusokota sigara, na kabla hajailamba karatasi yake Chembe alikuwa anapumua kama farasi aliyesimama kivulini tangu asubuhi. "Huyo," alisema, "amepewa kifua cha wawili." Mimi nilikuwa na jibu langu. Chembe hakukataa kitu. Ukimwambia simama, alisimama. Ukimwambia kimbia, hakukuuliza kama ana nguvu.

Sasa nieleze habari ya hori. Kila alfajiri, kabla ya mazoezi, Mutiso alipita kila banda akipitisha kiganja ndani ya hori, lile sanduku la chakula, kutoka pembe hadi pembe. Farasi aliyekula akamaliza ni mzima. Farasi aliyebakiza ana neno. Hiyo ni kanuni nzuri. Ubaya ni kwamba Bwana Mkubwa aliongeza yake: saisi ambaye farasi wake anabakiza chakula ni mvivu, na mvivu anarudi mkonge. Wawili walirudishwa mbele ya macho yangu.

Basi masaisi wakajifunza. Farasi akibakiza kidogo kwa sababu ya joto, ulizoa mabaki mapema ukawapa punda wa gari la maji. Mutiso akifika, hori linang'aa. Nilionyeshwa hila hiyo wiki ya pili, na aliyenionyesha aliniambia, "Punda hasemi." Tuliifanya wote, na farasi kesho yake alikula, na hakuna kilichoharibika. Ndivyo tulivyojidanganya.

Wiki ambayo Chembe angepakiwa kwenye treni kwenda mbio kubwa, Jumatano alfajiri nilikuta nusu ya shayiri na pumba imebaki. Nikawapelekea punda. Alhamisi alikuwa amegusa kidogo tu. Nikawapelekea punda. Shingo yake ilikuwa na joto, lakini Voi yote ilikuwa na joto. Ijumaa hakuwa amekula hata punje, alikunywa maji tu, na nilipomwinua mdomo ufizi haukuwa wa waridi. Nilibonyeza mara mbili. Kisha nikaachia mdomo, nikachukua ndoo, nikazoa hori.

Mutiso alifika, akapitisha mkono. "Hori la Wakesho huwa safi," akasema. Zamani angemwinua mdomo pia. Siku ile hakuinua, kwa sababu aliniamini.

Asubuhi hiyo Bwana Mkubwa alikuwa na wageni waliokuja kumwona Chembe akijaribiwa na farasi wengine wawili, kwenye njia ya udongo tuliyoisawazisha kando ya reli. Akauliza kwa Kiswahili chake, "Mutiso, Chembe nakula?"

"Amelamba hori, Bwana."

"Mzuri. Leo nakimbia kabisa. Hapana rudisha yeye nyuma."

Nilikuwa nimeshika lijamu ya Chembe. Neno moja tu lingetosha. Nilifikiria mkonge, nikaachia.

Alikimbia. Siwezi kusema alikimbia vibaya. Aliwaacha wale wawili mpaka wageni wakavua kofia. Alipopunguza mwendo akaja hadi pale nilipo, akasimama, Mutiso akaanza kusokota sigara. Akailamba. Akaiwasha. Chembe bado alikuwa anahema, na miguu inatetemeka. Akakojoa, mkojo mweusi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Halafu magoti yakamwishia. Alichukua muda mfupi kufa, nami nilimshika kichwa muda wote.

Daktari wa mifugo alifika mchana. Akafunua mdomo, ndani ni njano kama bizari ya manjano.

"Homa ya kupe," akasema. "Alikuwa mgonjwa siku tatu. Sindano moja ingemponya, na kupumzika. Nani alimkimbiza farasi huyu? Hakuwa anabakiza chakula?"

Bwana Mkubwa akamgeukia Mutiso.

"Hori lilikuwa tupu, Bwana. Nilipitisha mkono mwenyewe."

"Farasi mwenye homa hii hali," daktari akasema. "Hapa kuna mtu mwongo."

Masaisi wote walitazama chini. Mutiso hakunitazama. Mimi nilikuwa bado na kamba ya Chembe mkononi, nikaanza kuikunja.

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Barua aliyopewa ilisema hafai kukabidhiwa mnyama yeyote, na kwa barua ile hakuna shamba ambalo lingemchukua. Alibeba sanduku lake la bati hadi stesheni. Baada ya miezi miwili nafasi yake nilipewa mimi.

Nilifanya kazi ile miaka mingi baadaye. Bwana Mkubwa alipouza shamba nilipelekwa Taveta, kwa meneja aliyefuga farasi wachache, halafu Nairobi, kwa Memsahibu mkali aliyefundisha farasi wa watu. Mabingwa niliwaona. Nikiulizwa sasa ni nini kinachomfanya farasi awe bingwa, nasema ni huko kutokataa. Farasi wa kawaida akiumwa atalala chini. Bingwa ataificha homa yake akimbie kwa ajili yako mpaka afe. Kwa hiyo anayemtunza ndiye lazima akatae kwa niaba yake. Kwa masaisi wangu nilikuwa mkali kwa jambo moja tu: niletewe mabaki niyaone, na aliyeyaleta asiguswe. Memsahibu alinung'unika, "Wakesho, mbona kwako kila siku kuna mabaki?" Nikamwambia, "Ni afadhali tuyaone." Kwa nini, sikumwambia.

Nilipostaafu nikarudi Mbololo, nikakaa mwaka mmoja, kisha nikapanda treni hadi Kibwezi kumtafuta Mutiso. Nilimkuta mkewe. Mutiso mwenyewe alikuwa amekufa zamani, baada ya kuishia kuwachomea watu makaa. Mama yule alinipa kiti na maji, nami nikamweleza yote, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

"Alikuwa akikaa pale," akaonyesha mlangoni. "Ananiuliza, mama, nilipitisha mkono, sikuona nini? Kila mwaka. Hata akiumwa, ananiuliza."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Kwa nani?" akauliza. "Mimi sikufukuzwa kazi. Mwenye kusamehe yuko kule nyuma ya migomba. Nenda umwambie yeye, uone kama atakujibu."

Nilienda. Nilisimama kaburini mpaka jua likawa kali, nikamwambia kwa sauti kile ambacho hakukiona. Niliporudi, mama alikuwa amekwisha kuingiza kiti ndani na kufunga mlango.